Kuongeza Rasilimali Mpya kwenye Devlink: Mwongozo Kamili kwa Asiye na Swichi

Chipu ya swichi ya mtandao ina majedwali yenye nafasi za kuhesabika: jedwali la anwani, jedwali la njia, jedwali la vichujio. Nafasi iliyopewa jedwali moja imenyimwa jingine. Kwa hiyo anayeitunza swichi anahitaji kujua mambo matatu: rasilimali ina ukubwa gani, kiasi gani kimekwisha kutumika, na ukubwa huo unaweza kubadilishwa hadi wapi. Katika Linux, maswali hayo hujibiwa na kiolesura kiitwacho devlink, kilichoingia katika kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) toleo la 4.6 mwaka 2016 kwa kazi iliyoongozwa na Jiri Pirko. Sehemu ya rasilimali iliongezwa katika toleo la 4.16 mwaka 2018, na kiendeshi (programu inayoongoza maunzi) cha kwanza kuitumia kilikuwa mlxsw cha swichi za Spectrum, ambazo kumbukumbu yake ya KVD hugawanywa katika mafungu matatu.

Mkaazi wa Mombasa halioni jambo hili kuwa geni. Kilindini ina idadi maalumu ya gati, na meli inayofika gati zote zikiwa zimeshikwa hutia nanga nje ikangoja zamu yake. Mpangaji wa ratiba anahitaji hesabu ya gati zilizopo na hesabu ya zilizoshikwa, na hesabu hizo zikiwa na kasoro, meli itaingizwa ndani pasipo na pa kufunga kamba. Kiendeshi kinachotangaza rasilimali kimeahidi hesabu ya namna hiyo. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuongeza rasilimali mpya ili nambari inayoonyeshwa iwe ndiyo nambari inayofunga.

Tutatumia netdevsim, kifaa cha kuigiza kilichomo ndani ya kerneli yenyewe, kilichoandikwa na Jakub Kicinski kwa ajili ya majaribio. Nimekichagua kwa sababu ninayoijua vyema. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na tangu hapo vijana wengi wa mji huu wameingia katika kazi ya mitandao, lakini ni wachache mno waliowahi kuachiwa swichi ya bei kubwa waivunje na kuiunda upya. Kwa netdevsim, kipakatalishi cha kawaida kinatosha.

Matayarisho

Unahitaji msimbo wa kerneli kutoka tawi la net-next (linalopokea mabadiliko mapya ya mtandao), vifaa vya kawaida vya kukusanyia msimbo, yaani kuugeuza kuwa programu inayoendeshwa, kifurushi cha iproute2 chenye amri ya `devlink`, na programu ya virtme-ng inayowasha kerneli uliyoikusanya ndani ya mashine pepe kwa muda mfupi. Usiijaribu kazi hii juu ya kerneli inayoendesha kompyuta yako ya kila siku. Kosa moja la kufuli (kizuizi cha sehemu mbili za msimbo kugusa data moja kwa wakati mmoja) linaweza kugandisha mfumo mzima, na faili ulilokuwa hujahifadhi likapotea.

Hakikisha `CONFIG_NETDEVSIM=m` imewekwa, kisha ukusanye na uwashe:

```
vng --build
vng
```

Ndani ya mashine pepe, unda kifaa nambari 10 chenye poti nne na uangalie rasilimali zake za sasa:

```
modprobe netdevsim
echo "10 4" > /sys/bus/netdevsim/new_device
devlink resource show netdevsim/netdevsim10
```

Utaona mti wenye matawi ya IPv4 na IPv6, kila moja likiwa na `fib` (jedwali la njia) na `fib-rules` (kanuni za njia) chini yake, na `nexthops` (vituo vinavyofuata vya njia) ikisimama peke yake. Chukua muda kuusoma mti huo kabla ya kugusa msimbo. Rasilimali ya devlink huweza kuwa na mzazi na watoto, na kerneli hukagua kwamba jumla ya ukubwa wa watoto haizidi ukubwa wa mzazi. Ikizidi, mzazi huwekewa alama kwamba ukubwa wake si halali, na ombi la kupakia upya kifaa (kukishusha na kukipandisha tena) hukataliwa hadi urekebishe.

Kuamua unachotangaza

Hatua hii haina msimbo hata mstari mmoja, na ndiyo ninayoona wengi wakiipita mbio. Rasilimali tutakayoiongeza ni idadi ya poti halisi ambazo kifaa kinaweza kubeba. Kabla ya kubuni jina, fungua hati ya `devlink-resource.rst` iliyomo ndani ya msimbo wa kerneli, uangalie kama jina la pamoja lipo tayari. Kwa bahati njema lipo: `physical_ports`, nalo limewekwa katika `include/net/devlink.h` kwa alama ya `DEVLINK_RESOURCE_GENERIC_NAME_PORTS`. Ukilitumia, anayetunza swichi za aina tano tofauti atauliza swali lile lile kwa jina lile lile. Ukibuni lako, umemwongezea mzigo mtu usiyemjua, na jina likishatoka kwa watumiaji haliondoleki tena.

Kisha ujibu maswali manne kwa maandishi. Ukubwa wa mwanzo ni upi? Wa chini kabisa ni upi? Wa juu kabisa ni upi? Hubadilika kwa hatua ya ngapi? Swali la mwisho lina maana kubwa kwenye chipu halisi: katika mlxsw, mafungu ya KVD hubadilika kwa hatua ya 128, na ombi lisilogawanyika kwa 128 hukataliwa na kerneli kabla halijafika kwenye kiendeshi. Kwetu hatua ni 1. Ukubwa wa juu tutauweka 128, kwa sababu netdevsim huanza kuhesabu poti za vifaa pepe kuanzia faharasa ya 128, na hatutaki poti halisi zivuke mpaka huo. Swali la ukubwa wa chini tutalirudia, maana lina mtego.

Jambo la mwisho la kuamua ni kipimo. Devlink ina kipimo kimoja tu cha rasilimali, nacho ni idadi ya maingizo, `DEVLINK_RESOURCE_UNIT_ENTRY`. Poti huhesabika moja moja, kwa hiyo kinatufaa. Rasilimali inayopimwa kwa baiti ingekulazimu uongeze kipimo kipya katika `include/uapi/linux/devlink.h`, na hapo kanuni ni kali: thamani mpya huwekwa mwishoni mwa orodha, wala hupangi upya kilichokuwepo, kwa sababu programu zilizokusanywa miaka iliyopita zinategemea nambari zile zile. Ungehitaji pia kurekebisha faili la maelezo la `Documentation/netlink/specs/devlink.yaml` na programu ya iproute2. Usiingie huko bila haja.

Kuandika usajili

Fungua `drivers/net/netdevsim/netdevsim.h` na uongeze kitambulisho mwishoni mwa `enum nsim_resource_id`, baada ya `NSIM_RESOURCE_NEXTHOPS`:

```c
	NSIM_RESOURCE_PORTS,
```

Kitambulisho hiki ni cha ndani ya kifaa kimoja, na hakipaswi kurudiwa. Thamani ya sifuri imehifadhiwa kwa maana ya "hana mzazi", ndiyo maana orodha huanza na `NSIM_RESOURCE_NONE`. Katika muundo wa `struct nsim_dev` ongeza uga wa `u64 ports_max`, na pembeni yake uweke `#define NSIM_PORTS_MAX 128`.

Sasa nenda `dev.c`, ndani ya `nsim_dev_resources_register`, na baada ya usajili wa `nexthops` uweke:

```c
	devlink_resource_size_params_init(&ports_params,
					  nsim_dev->nsim_bus_dev->port_count,
					  NSIM_PORTS_MAX, 1,
					  DEVLINK_RESOURCE_UNIT_ENTRY);
	err = devl_resource_register(devlink,
				     DEVLINK_RESOURCE_GENERIC_NAME_PORTS,
				     NSIM_PORTS_MAX, NSIM_RESOURCE_PORTS,
				     DEVLINK_RESOURCE_ID_PARENT_TOP,
				     &ports_params);
	if (err)
		goto err_out;
```

Mwanzoni mwa fankisheni tangaza `struct devlink_resource_size_params ports_params`; kielekezi cha `nsim_dev` kinapatikana kwa `devlink_priv(devlink)`. Angalia kiambishi cha jina la fankisheni. Fankisheni zinazoanza na `devl_` hudai kwamba anayeziita tayari ameshika kufuli la kifaa. Zile zinazoanza na `devlink_` na zenye ndugu wa `devl_` hulishika zenyewe. Kuchanganya jamii hizi mbili ndicho chanzo cha migando mingi, na kwa kuwa mgando hautoi ujumbe wowote wa maana kwenye skrini, mwanafunzi huweza kumaliza alasiri nzima akiutafuta mahali pengine. Washa `CONFIG_PROVE_LOCKING` mapema ili kerneli ikwambie yenyewe.

Rasilimali husajiliwa mara moja, wakati kifaa kinazaliwa. Haisajiliwi upya kila kifaa kinapopakiwa upya, na ni lazima iwe hivyo, la sivyo ukubwa mpya aliouomba mtumiaji ungefutika kabla haujatumika.

Hesabu ya kilichotumika

Fankisheni ya hesabu ni fupi (`pf` katika majina ni poti halisi):

```c
static u64 nsim_ports_occ_get(void *priv)
{
	struct nsim_dev *nsim_dev = priv;
	struct nsim_dev_port *port;
	u64 n = 0;

	list_for_each_entry(port, &nsim_dev->port_list, list)
		if (nsim_dev_port_is_pf(port))
			n++;

	return n;
}
```

Iunganishe na rasilimali mara tu baada ya usajili kufaulu:

```c
	devl_resource_occ_get_register(devlink, NSIM_RESOURCE_PORTS,
				       nsim_ports_occ_get, nsim_dev);
```

Kerneli huiita fankisheni hii ikiwa tayari imeshika kufuli la kifaa, kwa hiyo usijaribu kulishika tena ndani yake. Kufuli hilo hilo ndilo linaloilinda orodha ya poti isibadilike katikati ya kuhesabu. Kuunganisha mara mbili bila kutengua kwanza hutoa onyo kubwa kwenye kumbukumbu za kerneli. Ukiamua kuiunganisha kwenye njia ya kupakia upya, basi uitengue kwenye njia ya kushusha.

Nimeichagua njia ya kupita orodha nzima kwa sababu poti ni chache. Kwenye jedwali lenye maingizo laki moja ningetunza kihesabu kinachoongezwa na kupunguzwa, kama netdevsim yenyewe inavyofanya kwa njia za IPv4. Faida ya kupita orodha ni kwamba hesabu haiwezi kuachana na ukweli. Kihesabu kinachosahaulika kupunguzwa kwenye njia moja tu ya makosa hubakia na uongo hadi kifaa kizimwe.

Ukubwa ulioombwa na ukubwa unaotumika

Hapa ndipo kiini cha kiolesura kizima. Mtumiaji anapoandika `devlink resource set`, kiendeshi hakipati habari yoyote. Kerneli hukagua kwamba thamani iko kati ya ukubwa wa chini na wa juu, hukagua hatua yake, kisha huiandika kando kama ukubwa mpya unaosubiri. Katika maonyesho utaona `size` ya zamani na `size_new` kando yake. Ombi linabaki hapo, halijatekelezwa, hadi kifaa kipakiwe upya na kiendeshi kiite `devl_resource_size_get`. Mwito huo hufanya mambo mawili kwa pamoja: hukirudishia kiendeshi ukubwa mpya, na papo hapo huugeuza ukubwa mpya kuwa ndio ukubwa rasmi.

Madhara yake yanafaa kuwekwa akilini. Ukiuita mwito huo mahali pasipostahili, tuseme katika fankisheni ya kuonyesha takwimu, utakuwa umetangaza kwamba ukubwa mpya unatumika ilhali maunzi bado yanafuata ule wa zamani. Na usipouita kabisa, mtumiaji ataomba, atapakia upya, asipate kosa lolote, lakini `size_new` itaendelea kukaa pale pale. Kwa hiyo uite mara moja tu, pale ambapo kiendeshi kinajiandaa kujijenga:

```c
static void nsim_ports_size_update(struct nsim_dev *nsim_dev)
{
	u64 size;

	if (devl_resource_size_get(priv_to_devlink(nsim_dev),
				   NSIM_RESOURCE_PORTS, &size))
		size = NSIM_PORTS_MAX;
	nsim_dev->ports_max = size;
}
```

Iite kutoka `nsim_drv_probe` baada ya rasilimali kusajiliwa, na pia kutoka `nsim_dev_reload_create`. Katika sehemu zote mbili iwe kabla ya `nsim_dev_port_add_all`. Ukisahau ya kwanza, `ports_max` itakuwa sifuri na kifaa hakitazaliwa.

Kilichobaki ni kuifanya nambari ifunge. Mwanzoni mwa `__nsim_dev_port_add`, weka:

```c
	if (type == NSIM_DEV_PORT_TYPE_PF &&
	    nsim_ports_occ_get(nsim_dev) >= nsim_dev->ports_max)
		return -ENOSPC;
```

Mtego wa ukubwa wa chini

Jumamosi moja nilikuwa na vijana wanne katika chumba cha juu huko Majengo, madirisha wazi, kila mmoja na kipakatalishi chake. Mmoja wao alimaliza kabla ya wenzake na msimbo wake ulikuwa safi, ila ukubwa wa chini aliuandika 0, kwa hoja kwamba sifuri haimdhuru mtu. Nikamwomba aweke ukubwa wa 2 kwenye kifaa chenye poti nne, kisha apakie upya. Amri ya `set` ilikubali. Amri ya `reload` ilishusha poti zote nne, ikajenga mbili, ikagonga mpaka kwenye ya tatu, ikarudisha kosa. Alipoandika `ip link` hakukuwa na poti hata moja, na `devlink dev show` ilionyesha `reload_failed true`. Alikaa kimya akiitazama skrini kwa muda mrefu. Kwenye kifaa cha kuigiza hilo ni funzo tu, lakini kwenye swichi inayobeba mtandao wa hospitali ni watu kukosa huduma.

Sababu yake ni kwamba kupakia upya kuna hatua mbili, kushuka na kupanda, na hatua ya kushuka ikishapita hakuna cha kurejea. Hivyo kila thamani inayoweza kukwamisha kupanda inapaswa kukataliwa wakati wa `set`, mtumiaji akiwa bado na kifaa kinachofanya kazi. Netdevsim inapopanda huzijenga upya zile poti zilizotajwa wakati wa kuzaliwa kwa kifaa, ndiyo maana tuliupa ukubwa wa chini thamani ya `port_count`. Poti zilizoongezwa baadaye kwa `new_port` hazirudi baada ya kupakia upya, kwa hiyo haziingii katika hesabu hiyo. Zaidi ya hayo, mtu akiunda kifaa chenye poti zaidi ya 128, ukubwa wa chini utapita wa juu; weka ukaguzi unaokataa hali hiyo mapema, kabla ya usajili.

Kujaribu

Kusanya, washa mashine pepe, unda kifaa chenye poti nne kama mwanzo, kisha:

```
devlink resource set netdevsim/netdevsim10 path /physical_ports size 6
devlink resource show netdevsim/netdevsim10
devlink dev reload netdevsim/netdevsim10
devlink resource show netdevsim/netdevsim10
```

Onyesho la kwanza lipaswe kuwa na `size 128` na `size_new 6`. La pili liwe na `size 6` pekee na `occ 4`, yaani nne zimetumika. Halafu ongeza poti:

```
cd /sys/bus/netdevsim/devices/netdevsim10
echo 4 > new_port
echo 5 > new_port
echo 6 > new_port
```

Mbili za kwanza zifaulu na ya tatu ikataliwe kwa kukosa nafasi. Jaribu pia `size 3`, ambayo lazima ikataliwe papo hapo kwa kuwa ni chini ya kiwango, na `size 129`, ambayo ni juu ya kiwango. Baada ya kila kukataliwa, soma tena rasilimali na uhakikishe hakuna `size_new` iliyobaki nyuma. Ondoa poti moja kwa `del_port` na utazame `occ` ikishuka.

Majaribio haya usiyaache kichwani. Yaandike katika `tools/testing/selftests/drivers/net/netdevsim/`, ambamo `devlink.sh` tayari ina jaribio la rasilimali la kufuatia mfano wake. Watunzaji wa mtandao katika kerneli hawapokei nyongeza ya netdevsim isiyo na jaribio, wala hawahesabu netdevsim kuwa mtumiaji wa kutosha wa kiolesura kipya: ukibuni sehemu mpya ya devlink, ni lazima pia kiendeshi kimoja cha maunzi halisi kiitumie. Nakubaliana nao kabisa, kwa sababu kiolesura kisicho na maunzi nyuma yake hukisia mahitaji badala ya kuyajua.

Kabla ya kukitoa kiraka chako (faili la mabadiliko uliyoyafanya), kipitishe kwenye `scripts/checkpatch.pl`, na ueleze katika ujumbe wake kwa nini ukubwa wa chini ni `port_count`, kwa kuwa msomaji atakayefuata atashawishika kuufanya sifuri. Mwisho kabisa, futa kifaa na uiondoe moduli:

```
echo 10 > /sys/bus/netdevsim/del_device
modprobe -r netdevsim
dmesg | tail
```

Njia ya kawaida ya kufuta tayari huita `devl_resources_unregister`, inayoziondoa rasilimali zote kwa pamoja, pamoja na hii yako. Rudia kuunda na kufuta mara kadhaa, na ikiwa `dmesg` inabaki bila onyo lolote, kazi ya msimbo imekwisha.